Subira Haipaswi Kuishia Steji

Miongoni mwa sifa tunazowamiminia watu wenye ulemavu, hakuna iliyo nyepesi katika ndimi zetu kuliko sifa ya subira. Kijana asiyeona akimaliza mbio, twasema ana subira. Mama wa kiti cha magurudumu akifika kazini, twasema ana subira. Mtoto asiyesikia akiketi darasani mwaka mzima mbele ya mwalimu asiyejua hata ishara moja ya mikono, twatikisa vichwa na kusema, jamani, mtoto huyu ana subira. Maneno hayo hayakosi ukweli, walakini ukiyachunguza utaona kwamba yamechanganya mambo mawili ambayo asili yake si moja. Subira ya mkimbiaji uwanjani ni ya hiari: ameitafuta, ameifanyia mazoezi alfajiri baada ya alfajiri, na mwisho wake ni medali au walau fahari ya kumaliza. Subira ya yule anayepitwa na matatu mfululizo pale steji ya Kimbo, huku makanga akigeuza uso kana kwamba hakukiona kiti chake, si ya hiari hata chembe. Amelazimishwa na watu wengine kuwa nayo, na mwisho wake ni kuchelewa kazini na kukatwa mshahara. Ya kwanza ni fadhila. Ya pili ni dhuluma tuliyoivika joho la fadhila ili isituaibishe.

Naandika haya kwa wasomaji wa upande huu wetu, kuanzia Ruiru kupitia Kimbo na Juja hata Thika, na nia yangu si kuwahubiria bali kuwapa shauri la matumizi: yule mwenye ulemavu aitumie wapi nguvu yake, na sisi wengine tumwondolee mizigo gani ili nguvu hiyo isiishie njiani. Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Shule ya Vipofu ya Thika, iliyoasisiwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, imekuwa jirani yetu tangu kabla ya uhuru; Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo, i papo hapo Thika; na katika kaunti hii hii ya Kiambu, upande wa Kikuyu, ndiko alikozaliwa Henry Wanyoike.

Habari za Wanyoike zimesimuliwa mara nyingi, lakini aghalabu zimesimuliwa kwa pupa. Alizaliwa mwaka 1974, akawa kijana mwenye macho mazima na miguu myepesi, na mwaka 1995, usiku mmoja tu, kiharusi kikamwondolea karibu nuru yake yote. Alipelekwa Machakos kujifunza kufuma, maana hiyo ndiyo iliyokuwa hatima ya wengi wasioona wakati ule, na ni baada ya hapo ndipo alipoirudia riadha. Katika Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, alishinda mbio za mita 5,000 kwa namna ambayo ulimwengu haujaisahau: mwongozaji wake, yule mwenye macho, aliishiwa na nguvu kabla ya mbio kwisha, na Wanyoike ndiye aliyemshikilia, akimtia moyo na kumkokota, hata wakavuka mstari. Miaka minne baadaye, huko Athens, alitwaa dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000.

Watu wakiisimulia mbio ile ya Sydney husema, tazama subira ya kipofu. Mimi naitazama upande wa pili. Kama mwongozaji angekuwa katika afya na nguvu zilizotakiwa, Wanyoike asingelazimika kubeba miili miwili katika mbio za mtu mmoja. Angekimbia mbio zake tu. Simlaumu mtu aliyejitolea na mwili ukamshinda, kwani lolote laweza kumfika mwanadamu siku ya mashindano. Nasema tu kwamba jambo la kwanza la kumtafutia mwanariadha asiyeona ni mwongozaji anayemzidi, na jambo hili ndilo vijana wetu wanaojitolea hulichukulia kwa wepesi kupita yote.

Basi wewe kijana wa Kimbo au Matangi unayetaka kumwongoza mwenzako, sikiliza. Kasi yako peke yako, siku usiyojisikia vizuri, yapaswa kuwa kubwa kuliko kasi yake siku aliyo bora kabisa, maana wewe utakimbia huku ukizungumza, ukitazama njia, na ukiuzuia mkono wako usipige mapigo yake ya kawaida. Samwel Mushai Kimani alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 London mwaka 2012, kwa dakika 3, sekunde 58 na nukta 37, James Boit aliyefungwa naye kamba alikimbia hatua zile zile, katika muda ule ule, huku akimsomea uwanja. Na mwaka 2016, huko Rio, Kimani aliitwaa tena dhahabu ya mbio hizo hizo. Pima mwenyewe ni watu wangapi mtaani petu wawezao kukimbia kwa kasi ile hali wanaongea.

Kamba yenyewe ni kitu kidogo sana. Wengi huanza na uzi wa kiatu uliokunjwa ukawa mfupi, wenye kitanzi huku na kitanzi huku, kimoja kikaingia vidoleni mwa mwanariadha na cha pili vidoleni mwa mwongozaji. Isiwe ya mpira wala ya kunyumbuka, kwa sababu kamba inayovutika hupeleka habari ikiwa imechelewa, na katika kona habari iliyochelewa ni kuanguka. Anzeni kwa kutembea. Tembeeni mpaka mikono inayofungamana iende mbele na nyuma kwa pamoja, wa kushoto wa huyu na wa kulia wa yule, kisha miguu ya ndani ifuatane na mikono hiyo. Hapo ndipo mkimbie polepole. Afikianeni maneno machache na msiyabadilishe: kona, nyooka, panda, shuka, simama. Mwongozaji anayepiga soga humchosha mwenzake, na mwongozaji aliye kimya humtisha. Kumbukeni pia sheria mbili za mashindano zinazowagharimu wanagenzi: mwongozaji haruhusiwi kumvuta mwanariadha kumwendesha mbele, na kwenye mstari wa mwisho mwanariadha ndiye atangulie. Wale wa daraja la T11, yaani wasioona kabisa, hufunikwa macho ili wote wawe sawa katika giza moja. Na siku hizi mwongozaji naye huvishwa medali, jambo la haki lililochukua muda mrefu mno kufikiwa.

Mahali pa kufanyia mazoezi ni tatizo lenye sura yake huku kwetu. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012 kwa shangwe na mabilioni, si uwanja wa mtu aliyefungwa kamba na mwenzake. Na njia za ndani, mvua ikinyesha juu ya udongo wetu mweusi, hugeuka ulimbo unaojaza magurudumu ya kiti hata yasizunguke, na kumtelezesha mkimbiaji asiyeiona hatua inayofuata. Shauri langu ni kuiendea shule iliyo karibu, mzazi na mwanariadha pamoja, mkaonane na mwalimu mkuu uso kwa uso, mkaomba uwanja kwa saa moja alfajiri, siku zinazojulikana, kwa barua. Ombi lililoandikwa hujibiwa; ombi la mdomo husahauliwa pamoja na muhula. Wakati wa mvua tumieni veranda ndefu au ukumbi wa kanisa kwa mazoezi ya nguvu na ya mikono.

Wala mbio si mchezo pekee. Twaishi katika nchi inayojijua kwa mbio, na ujuzi huo umetufunga macho tusione milango mingine. Samson Ojuka alitutoa usingizini mwaka 2024 mjini Paris, alipoipatia Kenya medali ya fedha katika kuruka chini daraja la T37, wala Kenya haikupata medali nyingine katika mashindano yale. Asiya Mohammed wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, alicheza kwanza tenisi ya viti, kisha akashika makasia, na katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akaiwakilisha nchi katika upigaji makasia, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Mwili unaoonekana haufai kwa mchezo huu huenda ndio uliokatiwa kwa mchezo ule, na mzazi asimhukumu mwanawe kwa mchezo mmoja.

Mchezo ninaoupendekeza kwa vikundi vya vijana wa Kimbo kuliko yote ni voliboli ya kuketi. Uwanja wake ni mita 10 kwa 6, ambao waweza kuchorwa kwa chokaa katika kiwanja chochote kilicho sawa. Wavu wake hufungwa kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Na kila mchezaji huketi chini, makalio yasiachane na ardhi anapopiga mpira. Hapo aliyekatwa mguu kwa ajali ya bodaboda na jirani yake mwenye miguu miwili huwa sawa kabisa, na mara nyingi yule wa kwanza humshinda wa pili, kwa kuwa amezoea kujisukuma kwa mikono. Rwanda, nchi iliyojaa majeraha ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, iliufanya mchezo huu kuwa wake. Wanaume wake walifika London mwaka 2012, na wanawake wake wakafika Rio mwaka 2016. Hawakuanza na majumba ya michezo. Walianza na mpira, wavu na watu waliokubali kuketi pamoja.

Ukishapata mchezo, usichelewe kupimwa daraja. Wengi hufanya mazoezi miaka mitatu, wakashinda mitaani na kaunti, kisha wakaambiwa kwamba daraja lao silo, au kwamba karatasi za daktari hazitoshi. Mashindano haya hugawa watu kwa namna ulemavu unavyouathiri mchezo: kuna madaraja ya wasioona na waonao kwa shida, ya waliopooza kwa athari za ubongo, ya waliokatwa viungo, ya wenye kimo kifupi, ya wakimbiao kwa viti, na ya wenye ulemavu wa akili. Hati za hospitali zikusanywe mapema, nakala zihifadhiwe, na tarehe zionekane. Vivyo hivyo jiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Safari huanza kwa tathmini katika hospitali ya serikali, na kwa wa huku kwetu ni vyema kuulizia kwanza Thika Level 5. Kadi utakayopewa ukishasajiliwa si pambo la pochi. Kwa mwenye ajira ndiyo mlango wa kuomba msamaha wa kodi ya mapato, ambao umekuwa ukihesabiwa kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, na kwa mwanafunzi ni njia ya kuomba karo na vifaa.

Kwa mzazi nina neno moja tu, nalo ni fupi: usimfiche mtoto. Vituo vya serikali vya tathmini na nyenzo za elimu vimekuwapo tangu mwaka 1984, na kazi yao ni kumpima mtoto na kukuelekeza shule. Mpeleke akiwa na miaka mitatu, si kumi na mitatu.

Sasa nije kwenye safari, ambako ndiko subira yetu nyingi humwagwa bure.

Matatu ya viti kumi na vinne haikuundwa kwa ajili ya mtu wa kiti cha magurudumu, na sote twalijua hilo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwaagiza wenye magari ya abiria wayarekebishe, na mwaka 2025 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile. Lakini ngazi ya matatu ingali juu kama ilivyokuwa, na makanga hulipwa kwa wingi wa vichwa na kasi ya kuvijaza. Kwa hiyo, wakati haki inaendelea kudaiwa mahali pake, tumia hila za halali. Usisafiri kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, wala kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, ikiwa kazi yako yakuruhusu. Kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri gari hungoja abiria, na makanga anayengoja abiria huwa mwungwana. Omba kiti cha mbele karibu na dereva, kwa kuwa mlango wake hufunguka wote na hakuna kuinama katikati ya viti. Chagua chama kimoja cha matatu na ukifanye kuwa chako: jitambulishe kwa madereva wawili watatu, chukua namba zao, wapigie simu kabla ya kutoka nyumbani. Na nauli ya kiti ipatane kabla ya kupanda, si Roysambu katikati ya safari. Mimi naona kiti cha magurudumu hakipaswi kutozwa nauli, kwa kuwa ni miguu ya mtu wala si gunia la viazi, na hakuna anayetozwa kwa ajili ya miguu yake; lakini mjadala huo ufanywe ukiwa bado chini, na jua likiwa bado juu. Ukikataliwa, soma namba ya gari na jina la chama kilichochorwa ubavuni, andika saa, kisha peleka malalamiko kwa chama chenyewe kwanza na baadaye kwa mamlaka ya usalama barabarani. Makanga haogopi hasira yako, ila msimamizi wa chama huogopa karatasi.

Kwako makanga, kwa kuwa najua nawe husoma gazeti ukingoja gari lijae: kumpakia mtu wa kiti hakuchukui dakika nne kwa anayejua. Kwanza muulize, maana yeye ndiye fundi wa mwili wake. Kaza breki za kiti. Akishajihamisha au akishahamishwa na watu wawili, mmoja akimshika chini ya mapaja na mwingine kwapani kwa nyuma, ondoa mto wa kiti umpe mkononi, toa vikanyagio vya miguu uvitie kwenye mfuko wake visibaki Kimbo, kisha kunja kiti kwa kuvuta kitambaa cha kukalia juu katikati. Usikinyanyue kwa mikono ya pembeni, kwani katika viti vingi mikono hiyo huchomoka, shika fremu. Kwa asiyeona, usimvute mkono kama mtoto mtoro. Mpe kiwiko chako akishike, tangulia nusu hatua, na umwambie ngazi ni ya kupanda au ya kushuka. Kwa asiyesikia, mwache akuonyeshe jina la steji yake kwenye simu, na mkifika umguse bega. Hayo yote hayana gharama, na mtu aliyehudumiwa hivyo hupanda gari lako mwaka mzima pamoja na jamaa zake.

Madaraja ya kuvukia barabara kuu ni habari nyingine. Kabla hujamwambia mgeni wako wa kiti ashukie upande fulani, nenda ukaukague wewe mwenyewe mteremko: je, una mwinuko wa kusukumika, au wachuuzi wameufunga kwa mitumba? Kaunti yaweza kuwahamisha wachuuzi ikiandikiwa, lakini mara nyingi nimeona kwamba kuzungumza nao kwa adabu, wakaacha nafasi ya upana wa kiti, hufaulu upesi kuliko barua.

Safari ya mbali ni rahisi kuliko ya karibu, ajabu ya dunia. Mashirika ya ndege yana utaratibu unaojulikana, nao una alama tatu ambazo yafaa kuzijua kwa moyo: WCHR ni abiria awezaye kupanda ngazi lakini hawezi masafa marefu ya uwanjani, WCHS ni asiyeweza ngazi ila awezaye kujikongoja ndani ya ndege, na WCHC ni wa kubebwa hadi kitini pake. Toa taarifa saa 48 kabla, uitaje alama yako, na usikubali kuandikiwa alama ya chini ili kumpunguzia karani kazi. Omba uende na kiti chako mwenyewe hadi mlangoni pa ndege. Kipige picha kabla hakijaondolewa, ubaki na mto wake, na kama ni cha betri, uliza aina ya betri inayoruhusiwa mapema. Njiani jinyanyue kwa mikono kila robo saa au nusu saa kwa muda mfupi, maana vidonda vya kukaa huanza bila maumivu kwa asiyehisi ngozi yake na huchukua miezi kupona. Na usijinyime maji kwa hofu ya msalani. Wengi hufanya hivyo, wakarudi na maradhi ya figo na kibofu.

Ukiwa na nauli ya kutembea, kuna mahali panapostahili fedha yako kwa sababu wenye ulemavu wenyewe ndio wenyeji. Bombolulu, karibu na Mombasa, ina karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 chini ya Chama cha Watu wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, na huko utakuta vito, vinyago na ngozi vilivyotengenezwa na mafundi wenye ulemavu. Huko Iringa, Tanzania, Neema Crafts ilianza mwaka 2003 chini ya Kanisa la Anglikana, na katika mkahawa wake wahudumu wasiosikia hupokea agizo lako la chai kwa ishara. Wewe ndiwe utakayejifunza lugha, si wao. Na kwa anayedhani kwamba milima si ya kila mtu, akumbuke kwamba mwaka 1969 vijana saba wasioona wa Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Kilimanjaro hadi kileleni. Waliandaliwa, wakafunzwa, wakapewa wasaidizi. Safari ikawa ya mlima kweli kweli, si ya kupigania nafasi steji.

Limebaki suala la vyombo vya habari, nalo nitalisema bila kuzunguka. Sheria ya 2003 ilizitaka runinga ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika habari, katika vipindi vya elimu na katika matukio makubwa ya taifa. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi, ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo, mkalimani angali kisanduku kidogo pembeni ambacho tangazo la sabuni hukifunika, na vichekesho na michezo, ambavyo ndivyo watu huvizungumza kesho yake, havina mkalimani kabisa. Signs TV ilipoanzishwa hapa Kenya kwa ajili ya wasiosikia, ilionyesha kwamba mpangilio unaweza kugeuzwa: mwenye ishara akawa mkubwa kiooni, na sauti ikawa mgeni. Vituo vyetu vya redio vya huku, ambavyo vingi sasa huweka video mtandaoni, vianze na jambo dogo: maandishi chini ya kila video. Simu ya mtangazaji yatosha kuyaandika, na kazi inayobaki ni kuyasahihisha kabla ya kuyarusha.

Mwandishi anayetumwa kumhoji mwanariadha mwenye ulemavu naye apewe adabu chache. Zungumza na mwanariadha, si na mwongozaji wake wala mkalimani wake, na macho yako yawe kwake hata kama hayaoni. Usianze na ajali. Ukianza na ajali utamaliza na ajali, maana dakika tano za redio ni chache, na msikilizaji atabaki anajua jinsi mtu alivyoumia bila kujua jinsi anavyocheza. Nancy Chelangat Koech aliporudi na shaba ya mita 1,500 kutoka Tokyo, medali pekee ya Kenya katika mashindano yale, ilikuwa habari ya michezo iliyotimia: kulikuwa na mpinzani, mzunguko, mbinu na mwongozaji. Isaac Mwaura, aliyesoma Shule ya Vipofu ya Thika, akaingia Bungeni mwaka 2013 akiwa mbunge wa kwanza mwenye ualbino nchini, na baadaye akawa msemaji wa serikali, aliulizwa kwa miaka mingi juu ya ngozi yake mpaka alipopata kazi ambayo ilimlazimu mwandishi amwulize juu ya bajeti.

Michezo ya Paralimpiki ya Los Angeles itafanyika mwezi Agosti mwaka 2028, na wanaotaka kwenda huko wanakimbia sasa hivi, alfajiri, katika viwanja ambavyo mhariri yeyote wa Thika aweza kuvifikia kwa matatu moja. Amtume mwandishi mapema, si siku ya kupokea medali uwanja wa ndege. Amwambie aende na saa ya kupimia muda, akae mpaka mazoezi yaishe, aulize mzunguko wa mwisho ulikuwa wa sekunde ngapi na ni nini kilichouchelewesha; na jibu likiwa ni kwamba mkimbiaji alifika akiwa amechoka kwa sababu magari matatu yalimwacha Kimbo, basi hilo liandikwe pia, pamoja na namba za magari hayo.